Picha za Sally Mann na wanawe: tatizo ni picha, au ni mwaka zilipotoka?

#1 Jicho la Kati (mleta uzi)

Wakuu salaam. Juzi kwenye uzi wa wapiga picha wa harusi mtu alimtaja Sally Mann, wawili wakarukiana, matusi yakaanza, uzi ukafungwa. Jambo lenyewe halikuguswa. Naliweka hapa lisimame peke yake.

Kwa asiyemjua: Sally Mann ni mpiga picha Mmarekani, kazaliwa 1951 Lexington, mji mdogo jimbo la Virginia, na maisha yake yameendelea kuwa hukohuko. Baba yake alikuwa daktari, ndiye aliyemtia mkononi kamera. Mumewe, Larry, alianza kama mhunzi, baadaye akawa mwanasheria. Watoto wao watatu: Emmett, Jessie na Virginia. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 Mann aliwapiga picha watoto hao, hasa kiangazi, familia ilipohamia kwenye kibanda chao kando ya mto Maury, mahali pasipo umeme. Watoto walishinda mtoni na mara nyingi hawakuvaa kitu, kama mama yao alivyokulia. Picha zaidi ya 60, nyeusi na nyeupe, zikatoka 1992 kwenye kitabu Immediate Family. Kwenye baadhi watoto wako uchi. Kwenye nyingine wanatoka damu puani, wamelala kwenye godoro waliloloanisha, wamenuna, wamechafuka.

Watu wengi wanaruka moja kwa moja kwenye uchi. Mimi naanzia kwingine. Picha ambayo Mann mwenyewe anaihesabu kuwa chanzo, ya 1984, ni ya uso wa Jessie tu. Jicho moja limevimba, mdudu alimuuma. Mann akaipa jina Damaged Child, yaani Mtoto Aliyeumizwa, jina alilolichukua kwa picha ya mpiga picha mwenzake Mmarekani, Dorothea Lange, ya 1936 ya mtoto wa makazi ya vibanda. Ukiitazama hujaambiwa kitu, utasema mtoto huyu kapigwa, na unaanza kumtafuta aliyempiga. Nadhani Mann alijua utasema hivyo. Ndiyo kazi yake yote ile: anakuachia nafasi umshuku mzazi, na mzazi ni yeye.

Halafu kuna kamera. Si ya kubofya ukakimbia. Ni ile kubwa ya stendi, filamu yake unaingiza karatasi moja moja, inchi 8 kwa 10, mpigaji anajifunika kitambaa cheusi kichwani, anayepigwa anatakiwa atulie. Kwa hiyo kile kinachoonekana kimenaswa ghafla mara nyingi kilipangwa. Mtoto aliambiwa rudia. Arudie tena. Watoto wale waliigiza maisha yao wenyewe, na wasomaji wakayachukua maigizo kama ushahidi wa polisi.

Wakati ule Marekani ilikuwa inawaka kwa ugomvi wa sanaa na picha za uchi. Mwaka 1990 mkurugenzi wa kituo cha sanaa cha Cincinnati alipandishwa kizimbani kwa maonesho ya mpiga picha Robert Mapplethorpe, akaachiwa huru. Mwaka huohuo wapelelezi wa FBI waliingia studio ya mpiga picha Jock Sturges kule San Francisco wakabeba picha zake, mwisho hakushtakiwa. Mann akaona bora aulize kabla. Akaenda kwa mwendesha mashtaka wa serikali kuu, akaambiwa picha nane kati ya alizochagua kwa maonyesho zinaweza kumfanya akamatwe.

Sasa msimamo wangu, mnipige mawe. Picha sina ugomvi nazo, ni kazi kubwa. Mama simwoni mnyanyasaji. Ila Mann mwenyewe, kabla kitabu hakijatoka, alishaamua kisubiri miaka kumi, watoto wakue, waelewe maana ya picha zile. Alimweleza hivyo mwandishi wa New York Times. Watoto wakapinga, wakataka kitoke. Emmett na Jessie wakapelekwa kwa mwanasaikolojia ihakikishwe wanajua wanachokubali, na kila mtoto akapewa nafasi ya kuiondoa picha asiyoitaka. Kikatoka. Mimi nasema uamuzi wa kwanza ndio uliokuwa sahihi, na kila kilichofuata kimetokana na kuuacha.

Karibuni.

#2 Kibopa wa Ilala

Uzi wa picha hauna picha. Tupia hata moja mkuu.

#3 Jicho la Kati

Siweki. Zile za uchi siweki wala kiungo cha kuzifikia, hiyo haina mjadala, na atakayeziweka nitaomba moderator amtoe.

Ile maarufu kuliko zote ni Candy Cigarette ya 1989, na watoto wote wamevaa. Nitaieleza ili twende pamoja. Jessie yuko mbele, gauni jeupe la marinda, saa kubwa mkononi. Mkono mmoja umeegemea mwingine, na katikati ya vidole kuna sigara ya pipi, zile hata sisi tulinunua dukani tukajifanya wazee. Kichwa kainamisha upande kidogo, macho yako kwako moja kwa moja, macho ya mwanamke aliyechoka na maswali yako. Pembeni yake Virginia katupa mgongo. Nyuma kabisa, ukungu mtupu, Emmett yuko juu ya magongo marefu ya kutembelea. Ni Jessie peke yake anayecheza kuwa mkubwa, na anacheza vizuri mno hadi unasahau ile ni pipi. Picha hii inasumbua watu kuliko nyingine nyingi na hakuna aliyevua hata kiatu.

#4 Mama Nurdin

Kaka mleta uzi, umeandika vizuri lakini umelegea pale penye mfupa. Wanangu wakiniambia wanataka kushinda kwenye simu hadi usiku wa manane, sikubali. Wakitaka kuogelea baharini peke yao, sikubali. Mbona hapa "watoto walitaka" imegeuka kuwa kibali? Mtoto wa miaka 7 anataka kumfurahisha mama. Mama kamsimamisha mbele ya kamera mwaka wa ngapi sijui, kamwambia tulia, kamsifia picha ilipotoka nzuri. Unategemea aseme hapana?

Na huyo mwanasaikolojia nani kamlipa? Ni wazazi.

#5 Fundi Negativu

Mimi nimekaa chumba cha giza tangu enzi za mkanda wa picha 36, naomba niseme kidogo upande wa kazi.

Kila familia iliyopita studio kwangu ina picha ya mtoto kwenye beseni. Kila familia. Wazazi waliileta isafishwe, wakabandika kwenye albamu, wageni wakija wanaonyeshwa, mtoto akishaoa anaoneshwa mkwe, watu wanacheka. Hakuna aliyeita polisi. Kwa hiyo mtoto kukosa nguo pekee si hoja. Hoja ni nani anatazama na kwa nini yuko pale. Albamu ina mlango, ni wewe unayeitoa kabatini.

Mann aliujua mlango huo. Watu hawalisemi hili: aliwaomba wenye maduka ya vitabu ya pale mjini kwao wasikiuze kitabu, na maktaba wakiweke kwenye chumba cha vitabu adimu, ili watoto wasichekwe na wenzao. Mwenye duka New York anauza, mwenye duka mtaani kwao aombwe asiuze. Hapo mama alikuwa na hofu yake, msimfanye jiwe.

Lakini Mama Nurdin, mtoto hapana anasema. Kuna picha ya 1987 inaitwa The Last Time Emmett Modeled Nude, yaani Mara ya Mwisho Emmett Kupigwa Picha Uchi, kijana kasimama mtoni maji kiunoni. Mann ameeleza mwenyewe walivyoirudia ikashindikana, ikarudiwa, maji ya baridi, mpaka kijana akachoka na habari yenyewe. Jina la picha ni hiyo hapana yake. Na kwenye uchaguzi wa picha za kitabu watoto waliondoa baadhi. Walichoogopa hakikuwa uchi, waliogopa kuonekana washamba.

#6 Mama Nurdin

Fundi, umenisaidia mimi bila kujua. Kama walichoogopa ni kuonekana washamba, basi walichokubali hawakukielewa. Walikuwa wanapiga kura juu ya jambo jingine kabisa.

#7 Jicho la Kati

Hapo Mama Nurdin kapiga kwenye mshono. Nakubaliana naye kwa asilimia zote, na ndiyo sababu nasema kungojea. Mtoto alikuwa anaamua kuhusu darasa lake. Kitabu kilikuwa kinaenda kwa watu asioweza hata kuwafikiria.

#8 Mjukuu wa Chifu

Wazungu hawa ndio zao. Sanaa sanaa, watoto wanateketea. Huyo Emmett si alijiua mwaka 2016? Mnatafuta ushahidi gani mwingine? Mama atubu.

#9 Wakili wa Mtaani

Mjukuu wa Chifu, taratibu. Emmett alifariki 2016 akiwa mtu mzima wa miaka 36, na alikuwa akiugua skizofrenia. Ni ugonjwa wa akili unaokumba watu ambao hawajawahi kupigwa picha hata ya kitambulisho. Kuchukua msiba wa mama ukaufanya kielelezo cha hoja yako bila chochote cha kuunganisha, hiyo haisimami mahakamani wala barazani. Jessie kakua, kazungumza hadharani kuhusu picha zile na kumtetea mama yake. Huyo mbona humtaji?

Na usiseme wazungu kana kwamba wao walikaa kimya. Wengi wa waliompinga Mann kwa sauti kubwa ni Wamarekani wenzake.

#10 Mjukuu wa Chifu

Sawa nimeondoa hilo la Emmett. La kutubu nalibakiza.

#11 Nyumbani Dallas

Niko Texas, niwape la juzijuzi kwa sababu naona mnaongea kana kwamba mambo yaliishia 1992.

Mwishoni mwa 2024 jumba la sanaa ya kisasa la Fort Worth lilifungua maonyesho yanaitwa Diaries of Home, picha za Mann zikiwemo, zilezile za watoto. Malalamiko yakaanza, gazeti moja la mtandaoni likayashika, wanasiasa wa kaunti wakadandia. Januari 2025 polisi wakaingia wakatoa picha kadhaa ukutani wakaondoka nazo kama vielelezo. Picha za miaka zaidi ya 30, zimo kwenye vitabu, zimeshaoneshwa majumba makubwa ya sanaa! Mashirika ya kutetea uhuru wa kujieleza yakaja juu. Machi jopo la raia linaloamua kama kesi ipo likakataa kumshtaki mtu yeyote.

Nilichokiona mimi ni hiki. Kwenye redio, kanisani, kazini, kila mtu alikuwa na maoni ya kulinda watoto wale. Watoto wenyewe wawili walio hai ni watu wazima wa miaka kama arobaini. Sikumsikia hata mmoja wa hao walinzi akiuliza wao wanataka nini.

Na watu wakaanza kuzitafuta picha mtandaoni ili waone wanachokasirikia. Fikirini hapo.

#12 Jicho la Kati

Asante Dallas. Hilo la mwisho lina mfano wake wa zamani, wa 1991. Gazeti la Wall Street Journal lilichapa picha ya Virginia akiwa na miaka 4, likamziba macho, kifua na chini kwa mistari mieusi, kwa nia ya kuonesha kwamba picha haifai. Virginia aliiona. Aliandika barua kwa gazeti, barua ya kitoto, kwamba hakupenda walivyomkata kwa mistari. Mann anasimulia kwamba usiku ule mtoto aliingia kuoga na kaptula na shati lake.

Mimi nikisoma hapo huwa nasimama kwanza. Mtoto aliyeshinda mtoni bila nguo tangu azaliwe, siku aliyoambiwa mwili wake una kosa ni siku aliyolindwa na gazeti.

#13 Mama Nurdin

Inauma, sikatai. Lakini gazeti lilipata wapi picha? Iliandikwa wapi kwanza kwamba mtoto yule ni mali ya kujadiliwa? Mlango ulifunguliwa na mama, gazeti likaingia na viatu vyake vya matope. Wote wawili wana kesi. Mmoja tu ndiye aliyekuwa na amana.

#14 Msee wa Nakuru

Wacha niweke ya huku Kenya. 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alipiga shule moja ya Nairobi faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuposti picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Watu walishangilia, na mimi pia. Shule zikaanza kutuma fomu kila wiki.

Sasa jioni hiyohiyo fungua TikTok. Mtoto analia, ameangusha keki, mama anamrekodi anacheka, watu laki mbili wametazama. Huyo mama hakuna wa kumpiga faini, kwa sababu ruhusa ya mzazi ni yeye mwenyewe anajipa. Sally Mann angalau alikuwa anachukua nusu siku kupata picha moja, na akauliza mwanasheria.

#15 Wakili wa Mtaani

Msee umeligusa tundu lenyewe. Sheria zetu nyingi zinamchukulia mzazi kuwa mlinzi wa taswira ya mtoto. Kenya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Tanzania tunayo Sheria ya Mtoto ya 2009, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inapiga marufuku ponografia ya watoto, hiyo haina msamaha na wala isiwe nao. Lakini picha halali, ya mtoto aliyefedheheshwa tu, iliyowekwa na mama au baba? Humo sheria inamgeukia mzazi na kumuuliza kama ameridhia.

Ufaransa wamejaribu. Februari 2024 walipitisha sheria inayosema wazazi wote wawili wanailinda haki ya taswira ya mtoto, mtoto ashirikishwe kulingana na umri na ukomavu wake, na wazazi wakivutana hakimu anaweza kumzuia mmoja asichapishe bila idhini ya mwenzake. Si dawa ya kila kitu. Wazazi wakikubaliana wote kumwanika mtoto, bado ni shida. Lakini angalau imetamka kwamba uso ule ni wa mtoto.

Mkimpeleka Mann mbele ya sheria kama ile: Larry alikubali, watoto walishirikishwa, mwanasaikolojia alihusika. Angepita. Na hilo linanikosesha raha kidogo, maana nakubaliana na Mama Nurdin moyoni.

#16 Kibopa wa Ilala

Nimerudi. Nimesoma wote, sasa nina swali la kijinga. Kwani hao wapiga picha wengine wanaopiga familia zao hawapati kelele? Au ni kwa sababu Mann ni mwanamke?

#17 Jicho la Kati

Si la kijinga. Wanapata. Tierney Gearon, naye mama, 2001 aliweka picha za wanawe pale Saatchi Gallery London, baadhi wakiwa uchi na wamevaa vinyago. Magazeti yakachachamaa, polisi wakafika, waendesha mashtaka wakaona hakuna kesi. Sydney 2008 polisi walichukua picha za Bill Henson, ingawa za kwake hazikuwa za familia. Waziri mkuu wa Australia mwenyewe alizilaani, na mashtaka hayakuja. Utaona mtindo: hasira, polisi, halafu kimya cha kisheria.

Tofauti naiona hivi, na ni maoni yangu. Mwanaume akipiga picha kama hizi watu wanauliza ana nia gani. Mwanamke akipiga wanauliza ni mama wa namna gani. La pili halina mahakama, kwa hiyo halina hukumu, halifungwi. Mann kaishi nalo zaidi ya miaka 30.

#18 Fundi Negativu

Mleta uzi, nakurudia kwenye msimamo wako maana umeuacha nyuma. Miaka kumi. Tufanye kitabu hakikutoka 1992, kikatoka 2002. Umefikiria 2002 ni nini? Ni intaneti. Kitabu cha karatasi 1992 kilienda kwa wanaonunua vitabu vya picha, watu wachache. Kingetoka wakati nyumba nyingi za Marekani zina kompyuta, siku ya pili picha ziko kila kichochoro. Kungojea kungewaweka pabaya zaidi.

#19 Jicho la Kati

Hoja nzito Fundi. Lakini angalia madhara yaliyowapata hasa ni yapi. Mann ameandika kwenye kumbukumbu zake, Hold Still ya 2015, kuhusu mwanaume mmoja aliyewaandama kwa miaka kwa barua, mpaka shuleni kwa watoto akaandika. Familia nzima ikaishi kwa kuangalia nyuma. Mtu yule aliweza kwa sababu watoto walikuwa bado ni watoto walewale wa kwenye picha, majina yaleyale, mji uleule ulioandikwa kwenye magazeti. Kitabu kingetoka miaka kumi baadaye, angeandikia shule gani? Mtoto wa pichani angekuwa hayupo tena, yupo mtu mzima anayejitetea. Mann alilisema hili mwenyewe alipokuwa bado anataka kungoja: kwamba watoto hawatakuwa wanaishi tena ndani ya miili ile.

Intaneti ingesambaza picha, kweli. Lakini imezisambaza hata hivyo.

#20 Fundi Negativu

Na picha je? Candy Cigarette ingetazamwa vilevile 2002? Wewe unasema kazi kubwa. Nusu ya ukubwa wake ni ile hofu kwamba huyu mtoto yuko huko nje sasa hivi, anakua huku unamtazama. Ukimngoja akue, unabaki na picha nzuri ya zamani. Nadhani Mann aliliona hilo pia, ila hakuna msanii atakayelisema waziwazi mbele ya wanawe.

#21 Jicho la Kati

Hilo ndilo neno gumu kuliko yote kwenye uzi huu na sina la kulizuia. Kama ni hivyo basi ilikuwa biashara: ukali wa picha ukalipiwa na utulivu wa watoto. Nabaki na msimamo wangu, lakini najua ninachokitoa. Nakubali picha ipungue.

#22 Mama Nurdin

Ipungue tu. Na bado hesabu yako ya miaka kumi ina shimo, kaka. Virginia kazaliwa 1985. Mwaka 2002 ana miaka 17. Aliyezibwa kwa mistari ndiye angekuwa bado yuko chini ya mama.

#23 Jicho la Kati

Duh. Basi 2003.

#24 Mama Nurdin

Na aulizwe mama akiwa hayupo chumbani.